Isale la Kwenye Tangazo

Leo muuza duka hapa mjini Moshi kanisifia watu waliomuua baba yangu.

Nimeomba kahawa, akanipa pakiti ya kampuni yao.

"Chukua hii, dada. Hawa wana utu! Hujaona tangazo? Bosi kapiga magoti kule Uru, kampa mjane jani la isale, kaomba msamaha."

"Nimeliona, kaka," nikamwambia. "Yule mjane ni mama yangu. Baba alinaswa na mashine yao mbovu, akafa."



"Pole. Lakini si mama alilipokea?"

Jamani. Mchagga gani analetewa isale akakataa kusamehe?

Sikumwambia kilichofuata. Kamera ilipozimwa, bosi aliinuka, akalichukua lile jani mkononi mwa mama.

Walikuwa wanakwenda kurekodi kwa mjane mwingine.