Mbuzi Aliyeangusha Ndege

Nimejikasirikia hadi sasa. Ndege ndogo ya mafunzo ilivunjika gurudumu la mbele ikitua katika kiwanja cha vumbi nje ya Makindu. Rubani mwanafunzi, binti wa watu, alilia kwamba alimkwepa mbuzi. Mkufunzi wake alikuwa tayari kumfukuza.

"Uongo!" nilifoka mbele ya umati, mimi mwalimu wa kijiji niliyekuja kutazama. "Mbuzi gani? Nani amemwona? Mimi sisikilizi tetesi!"

Jirani yangu Mwikali akamburuta mbuzi jike aliyemkamata pale kiwanjani hadi miguuni pangu.

"Mwalimu, hutaki maneno ya kusikia. Basi shika sikio, ujisomee."

Nilishika. Lilikuwa na mikato miwili na tundu katikati, alama ya mifugo ya ukoo wetu, niliyoikata mimi kwa kisu changu mwenyewe.