Jalada Lisilo na Jina

Bedan Muturi alikuwa amechoka, na wala hakujisumbua kuficha. Mgongo ulichoka, macho yalichoka, na hata harufu ya gundi, ambayo zamani aliipenda kuliko harufu ya chai, sasa ilimkinaisha. Kwa miaka mingi alikuwa na kiduka cha uchapaji hapo Kitengela, nyuma ya duka la mabati, na kazi aliyoipenda ni ile ambayo watu wengi waliiona ya kipuuzi: kutafuta vitabu vya zamani visivyopatikana tena na kuvichapa upya ili watu wa leo wavisome. Kadi za harusi na programu za mazishi ndizo zilizolipia stima. Vitabu vya zamani vilimletea furaha na maumivu ya kiuno.

Mkewe Rahab alikuwa ameshamaliza maneno. Alitaka duka lifungwe, mashine ziuzwe, wahamie kwenye kashamba kao kule Matasia wafuge kuku na kulala mchana kama wazee wengine wenye akili. Bedan naye alikubali. "Mama Wacuka, bado kimoja tu," alimwambia. "Hiki nikimaliza, nafunga." Rahab alikuwa amewahi kuisikia hiyo "kimoja tu" hadi akaizoea, lakini safari hii alimwamini, kwa sababu alimwona jinsi alivyoinuka kitini jioni, akijishikilia ukutani.

Hicho kimoja kiliitwa *Ndama wa Mvua*. Kilikuwa kitabu chembamba cha hadithi za malishoni, kilichoandikwa na mwalimu mmoja kijana wa Isinya, enzi ambazo Isinya haikujua maua ya kupelekwa ng'ambo wala vibao vya ploti. Mwalimu huyo alikufa kwa homa akiwa bado hajaoa, na kitabu chake kikafa naye. Jina lake sitalitaja. Usidhani nimelisahau, sababu utaiona.

Bedan alikisoma akiwa mtoto wa shule, wakipokezana dawati kwa dawati mpaka kurasa zikalainika kama kitambaa. Ndicho kitabu cha kwanza kilichomliza, na alilia kwa ajili ya ndama, jambo ambalo wenzake walimcheka nalo hadi walipomaliza shule. Alipozeeka alikitafuta kila mahali. Hatimaye akakipata kwenye gunia la karatasi kuukuu lililokuwa likipelekwa kwa wauza njugu, hakina jalada la nyuma, pembe zimetafunwa na mende. Nusura alie tena, pale pale sokoni, mzee mzima.

Herufi zilikuwa zimefifia kiasi kwamba kompyuta ilipojaribu kuzisoma ilitoa takataka tupu. Basi akakipiga chapa mwenyewe, kwa vidole viwili, miwani ikimteleza puani, stima ikipotea kila aliposhika kasi. Ukurasa mmoja asubuhi, mwingine mchana akijaliwa. Alipofika mwisho wa sura aliegemea nyuma akafumba macho, na wateja waliomkuta hivyo walidhani amelala. Mara nyingine walikuwa sahihi.

Kitu kimoja tu hakikumchosha, nacho ni lile jina. Kwao Bedan mtu akifa, jina lake hurudi na mtoto. Yeye alipewa jina la babu yake, na bintiye Wacuka akapewa la mama yake Bedan, na kila alipomwita binti yake aliona mama yake hajaenda mbali. Sasa mwalimu huyu hakuacha mtoto wa kumrudisha. Bedan aliona hiyo ni dhuluma, akaamua atamrudisha yeye. Akaliweka jina juu ya jalada kwa herufi nene kuliko za kichwa cha kitabu, kisha akalirudia juu ya kila ukurasa wa kushoto, asiwepo msomaji wa kusema hakuliona.

Lakini kuchapa kazi ya mtu bila ruhusa ya jamaa zake ni wizi, hata nia ikiwa safi. Kwa hiyo Bedan akaenda Isinya kuulizia. Kila mzee aliyemtajia jina lile alitazama kando, akaanza habari ya mvua. Mwisho muuza ugoro mmoja alimwelekeza kwa fimbo, bila kufungua mdomo, hadi kwa mfuga kuku aliyeitwa Kuntai. Bedan, ambaye sasa alikuwa amechoka kusikia habari za mvua, hakutaja jina tena. Aliuliza tu kama kwao kuliwahi kuwa na mwalimu aliyeandika kitabu.

"Eeh, alikuwa kaka ya koko, huyu bibi yangu," Kuntai alisema. "Jina yake hata sijui. Kuja Saturday, mzee. Koko yuko na kumbukumbu kutushinda sisi wote. Ni masikio tu iko nzito kidogo."

Bedan akatikisa kichwa kwa huzuni. Watu wa siku hizi, alijisemea, hata majina ya wazee wao hawayajui. Akaamua jina hilo liwe zawadi yake ya siku hiyo.

Jumamosi alivaa koti, akabeba kitabu cha majaribio alichokishona kwa mkono. Nyumba ilikuwa ng'ambo ya mashamba ya maua, katikati ya ua wa michongoma. Bibi mwenyewe, Seleyian, alikuwa mrefu na mkavu, amepita themanini, shanga shingoni na leso ya kanisa kichwani.

"Takwenya, yeyo," Bedan alimsalimu, akimwita mama kwa Kimaasai chake cha sokoni.

"Iko," akaitikia bibi, akampa kiti cha karibu. Chai ya maziwa ikaletwa. Wakaongea habari za ukame na za watoto, na kila kitu kilikuwa kikienda vizuri, hadi Bedan aliposimama. Alilishika jalada mbele ya kifua, akakumbuka yale masikio mazito, akalitamka jina la mwalimu kwa sauti ya kuamsha mtaa.

Bibi alikishika kikombe kwa mikono miwili. Bedan akadhani hakusikia. Akalitamka tena, kwa nguvu zaidi, huku akilipitishia kidole herufi kwa herufi.

Seleyian akaweka kikombe chini. Uso wake haukuonyesha hasira, ulijifunga tu. Wajukuu waliokuwa wakichungulia mlangoni wakalidaka lile jina, jipya na tamu mdomoni, wakatoka nalo mbio uani wakilitaja kwa kelele nyuma ya kuku. Hapo ndipo bibi alipoinuka, akaingia chumbani na kufunga mlango.

Kuntai alimsindikiza Bedan hadi kwenye pikapu yake. Hakuwa amekasirika, alikuwa kama mtu aliyeamshwa ghafla.

"Mzee, hukujua," alisema. "Kwetu kijana akikufa bila kuacha mtoto, jina yake inazikwa na yeye. Watu wa hiyo nyumba hawaitaji tena. Hata ng'ombe akiwa na hiyo jina, anapewa ingine. Sisi tumeokoka, tunaenda kanisa kila Sunday, lakini kwa hiyo maneno ya jina, koko hajaokoka."

"Kwa hivyo hata wewe..."

"Niko na miaka arobaini. Nimeisikia leo, kwa mdomo yako."

Bedan alitamani ardhi ipasuke immeze. Ardhi ya Isinya haikupasuka, ikamwacha aendeshe pikapu hadi Kitengela, malori ya Namanga yakimpigia honi kwa sababu ya mwendo wake. Aibu ilimchosha kuliko kazi zote alizowahi kufanya. Alimfanyia kishindo mwanamke aliyemkaribisha chai, tena akiwa na uhakika kwamba anampa heshima.

Rahab alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema jambo la maana, kama kawaida yake. "Si utoe jina tu, upate ruhusa, uchape, tufunge duka?"

"Nikitoa jina nitakuwa nimechapa nini? Huyu mtu nimemtafuta maisha yangu yote, halafu nimfute na mkono yangu?"

"Baba Wacuka, hiyo jina unaililia kushinda wenyewe."

Siku zilizofuata Bedan alifungua duka kwa sababu tu mtu lazima aende mahali. Kile kitabu cha gunia kilikuwa kikimeguka kila kikiguswa, na alijua vizuri kwamba akikiacha, hakuna mtu mwingine duniani atakayejisumbua nacho. Na bila neno la Seleyian hakiwezi kutoka. Alichapa programu ya mazishi ya mtu asiyemjua, akaona majina ya wana na wajukuu yamejaa ukurasa mzima, akasikia wivu kwa niaba ya mwalimu wake.

Kisha Kuntai akapiga simu. "Koko anasema ukuje na hiyo kitabu. Lakini, mzee, tafadhali, ukuje na mdomo polepole."

Safari hii bibi alikuwa ameketi nje, ukutani, kwenye kivuli cha tangi la maji. Hakumpa chai kwanza.

"Wewe mtu ya karatasi," alisema. "Hiyo iko na maneno yake?"

"Ndiyo, yeyo. Yote."

"Mimi sijawahi kusikia. Alipoenda, baba alikusanya vitu yake yote. Na mimi sijui kusoma." Akajivutia shuka mabegani. "Soma. Lakini ile moja uiruke."

Bedan akasoma. Alisoma habari ya ndama aliyezaliwa siku ya mvua kubwa, na msichana mdogo aliyepewa kumchunga, akalala usingizi kwenye nyasi, ndama akapotea. Alisoma jinsi baba alivyochukua fimbo, na jinsi kaka wa yule msichana alivyojitokeza mbele akasema ni yeye aliyelala. Sauti ya Bedan ilianza kukwaruza mahali pale pale ilipokwaruza utotoni. Alipoinua macho, Seleyian alikuwa ameufunika mdomo kwa kiganja.

"Alisema hivyo kweli," bibi akanong'ona. "Fimbo ilikuwa yangu. Akaibeba yeye." Akainua kidole. "Lakini ndama hakuwa mwekundu. Alikuwa kijivu. Hapo ameongeza chumvi."

Akacheka, na kicheko chenyewe kikageuka kilio. Alilia waziwazi, bila kujifunika, na Kuntai akaangalia kuku wake. Bedan pia alilia, na safari hii haikuwa kwa ajili ya ndama.

"Chapa," Seleyian alisema alipotulia. "Watoto wasome. Jina, hapana."

"Yeyo, watu watamsahau."

Bibi akamgeukia. "Watu gani? Unafikiri nimenyamaza kwa sababu nimesahau? Kila siku hiyo jina inakuja mpaka hapa," akagusa koo, "na kila siku naimeza. Hawa watoto hawajui hata kuna kitu hawasemi. Nikienda mimi, hakuna mtu atabaki wa kumnyamazia. Hapo sasa uirudishe, uandike kubwa vile unataka. Lakini nikiwa hapa, wacha nimnyamazie."

Bedan alikaa na kitabu mapajani. Maisha yake yote aliamini kwamba kumkumbuka mtu ni kumtaja, na sasa mbele yake alikuwapo mtu aliyekumbuka kwa miaka yote hiyo bila kutaja, na hakuwa na hakika kama yeye angeiweza kazi hiyo.

"Na nani atarudisha, yeyo?" aliuliza taratibu. "Mimi pia ni mzee."

"Wewe. Si ni wewe uliita kwa nguvu?"

Ndivyo *Ndama wa Mvua* kilivyotoka tena, jalada la kahawia, na chini ya kichwa maneno machache tu: hadithi za mwalimu wa Isinya. Kurasa za kushoto ziko tupu juu, na msomaji asiyejua hudhani mchapaji alikuwa mvivu. Ndama amebaki mwekundu. Bedan alitaka kumbadilisha, lakini Seleyian alikataa, akasema kaka yake ana haki ya uongo wake.

Lile jalada la kwanza, lenye jina nene, Bedan amelilaza kati ya mbao mbili ili lisikunjike. Alipomwonyesha Rahab mahali lilipo, Rahab alielewa mara moja kwamba duka halitafungwa. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Huyo mama anaendelea aje kiafya?"

"Asubuhi nilimkuta akipasua kuni."

Rahab akavuta kiti, akaketi.

Basi duka bado liko wazi, nyuma ya duka la mabati. Kila asubuhi Bedan hupandisha ule mlango mzito kwa mgongo unaomuuma, huiwasha mashine, huketi kwanza apumue. Na kabla hajagusa kazi, humwombea yeyo Seleyian maisha marefu, tena humwombea kwa moyo wote.