Nilivyokuwa Mwita Maji wa Bustani

Siku ya kwanza kazini nilipewa debe. Nilikuwa nimetoka kijijini kwetu Mbingu na jembe langu begani, nikijua kwamba bustani ni kulima tu. Nyapara, mtu wa Mrima, kule pwani, mwenye kanzu nyeupe na fimbo nyembamba, akanitazama kutoka miguuni hadi kichwani, akasema, "We mshenzi, jembe hilo kamlimie mama yako mpunga. Hapa tunafuga majani, na majani yanakunywa. Shika debe."

Wenzangu wakacheka. Mimi nikashika debe. Ninyi vijana mnaoiona leo nyumba yangu yenye mlango wa mbao na kufuli, jueni kwamba ilianzia kwenye debe lile. Shuleni nilikaa kwa mapadri msimu mmoja tu wa mvua, nikatoka na herufi zangu, basi. Mengine yote nilijifundisha mwenyewe, na katika bonde hili lote la Kilombero hakuna aliyeatika mbegu zikaota kunishinda. Aliyekuwapo aseme.

Mwenye bustani alikuwa Mjerumani tuliyemwita Bwana Shamba. Alikuja Ifakara kwa ajili ya pamba, lakini moyo wake ulikuwa kwenye mimea ya kupendeza na ya kula. Kando ya mto Lumemo, mkabala na kijiji cha Katindiuka, alipanda waridi, asumini, kabichi, saladi na figili, vyote pamoja kama watoto wa nyumba moja. Nyapara akanifundisha kuatika, yaani kumwaga mbegu kwenye kitalu cha udongo laini uliochekechwa, na kukiezekea chanja, kipaa kifupi cha nyasi, ili jua lisiichome miche ingali changa. Baadaye unaipandikiza, unaihamishia kwenye tuta, jioni jua likipoa. Asubuhi ukihamisha, umeua.

Kazi yetu ilikuwa na mwito wake. Wachukuzi walikaa mtoni, kwenye kivuli cha matete. Mwitaji akisema "Maji!" mara moja, walikuja wachache, kwa mwendo wa kawaida: kitalu kimoja kimekauka. Akisema "Maji maji!" kwa kurudia, wote walikuja mbio, hata wa jikoni, hata wa banda la mbuzi: miche inalala. Ndivyo tulivyosema mche unapoanza kuinamisha shingo. Mche ukilala asubuhi unaweza kuuamsha, ila ukiuacha hadi adhuhuri ndiyo basi tena.

Siku moja mwitaji wetu alishikwa na homa, Nyapara akatujaribu mmoja mmoja. Nilipofungua kinywa mimi, mbuzi wa Bwana Shamba walikata kamba. Tangu siku ile nikawa mwita maji. Kule Katindiuka wanawake walikuwa wakisikia sauti yangu ndipo wanainjika ugali. Nasema nililoliona, sijisifu.

Nikapanda cheo. Bwana Shamba alikuwa na sanduku la kioo barazani, amelijaza maji, na humo anakuza majani ya mtoni pamoja na visamaki vidogo. Watu walilipitia mbali, wakidhani ni uchawi. Mimi nilisogea nikauliza. Akanituma Kivukoni kwa mtumbwi nimtafutie yungiyungi na zile nyasi laini zinazokaa chini ya maji zikicheza kama nywele. Nilimletea aina asizozijua. Nikajua kuosha mchanga hadi usitoe tope, kuacha maji yatulie kabla ya kuyamimina, na kutobadilisha maji yote kwa mara moja, maana samaki watashtuka na majani yataoza. Bwana Shamba akasema, "Wewe mkono yako iko na akili." Kiswahili chake kilikuwa hivyo, lakini maana niliipata.

Mke wake, tuliyemwita Bibi, naye alipenda mbarika, aina ile yenye majani mekundu, ule mti unaotoa mbegu za nyonyo za kukamua mafuta. Nikampandia barazani safu nzima. Karibu na pipa la maji aliweka beseni la kulowekea mtama wa njiwa wake. Shikeni vitu hivi vitatu, maji, nyonyo na mtama, kwa sababu vilikaribia kunipeleka kitanzini.

Kiangazi kile habari zilitufikia kutoka upande wa pwani. Zilianza kama mnong'ono, kisha zikawa mazungumzo ya kila njia. Kuna dawa. Ni maji yaliyochanganywa na nyonyo na mtama, na mtu akinyunyiziwa, risasi ya Mjerumani inageuka maji. Wanaoigawa wanaitwa mahongo. Na watu wakienda vitani wanapiga kelele, "Maji maji!"

Neno langu lile lile. Mwito wangu.

Shemeji yangu Likanga, kaka wa mke wangu, alikuja kunitafuta bustanini akipitia vichakani. Mtu huyu hakunipenda kwa kazi yangu, na hakulificha hilo.

"Shemeji, mbona unatambaa kama mwizi wa kuku?" nikamwuliza.

"Mlangoni kwenu kuna askari. Sikiliza. Kijijini wanauliza, hongo wa bustanini atagawa lini?"

"Hongo gani tena?"

"Wewe."

Nikacheka. Yeye hakucheka. "Kila asubuhi unaita maji maji, watu wanakimbia. Una pipa. Una nyonyo. Una mtama. Wewe ungesemaje?"

"Mtama ni wa njiwa wa Bibi!"

"Njiwa wa Bibi," alirudia polepole. "Haya. Kawaambie hivyo wenye bunduki. Mtu mzima unaogesha majani ya Mzungu, sasa njiwa wake watakunyongesha."

Alipogeuka niliona kipande cha bua la mtama amekifunga shingoni kwa ugwe. Nikajua ameshapokea dawa, maana hiyo ndiyo alama yao. Watu wangu waliniona hongo anayewanyima dawa, na askari, wakisikia ninavyoita, wangeniona hongo anayeigawa. Sikuwa na upande wa kukimbilia.

Nyapara naye alishaiona hatari hiyo. Kesho yake alitukusanya. "Atakayetamka neno lile hapa, hamsa ishirini za kiboko, ishirini na tano kamili. Hata akiwa na kiu ya kufa."

"Bwana Nyapara, sasa tuite nini?" nikauliza.

"Ita chai. Si unajifanya mkubwa wewe? Wakubwa huita chai."

Basi tukaita chai. "Chai!" na mtu anakuja na debe. Shaushi, mkubwa wa askari waliowekwa kuilinda bustani, alikuja mara ya kwanza na kikombe chake, tukacheka hadi machozi. Lakini kicheko kilikuwa cha siku ile tu. Nililipima kila neno kabla ya kulitoa. Nyumbani mke wangu akisema "niletee maji", nilitazama dirishani kwanza. Nilisahau kula. Majani kwenye sanduku la kioo yalianza kupauka, maana mkono wenye wasiwasi unamimina vibaya.

Halafu, mchana kweupe, cheche ilitoka jikoni ikaangukia chanja ya kabichi. Nyasi zilikuwa zimekauka kama karatasi. Moto ulishika kipaa cha kwanza, ukaruka kwenye cha pili. Niliiona miche yangu chini yake, kazi ya msimu mzima, na kinywa changu kilifunguka chenyewe.

"Maji maji! Maji maji!"

Mmeniuliza mara nyingi, mbona sikuita "moto"? Kwa sababu katika bustani ile shida iliitwa kwa jina la kinachoiponya. Kinywa kilichofundishwa hivyo hakiombi ruhusa.

Wachukuzi walitoka kwenye matete mbio, madebe vichwani. Askari walitoka kambini mbio pia. Shaushi akawapigisha magoti askari wake, bunduki zikaelekea watu wangu. "Simama! Nitapiga!" Wachukuzi wakatupa madebe, wakazama kwenye matete. Chanja zikaungua zote, hakuna aliyezima. Mimi nilikuwa chini tayari, mikono nyuma, kamba imenikaza.

Shaushi akazunguka barazani. Akaona pipa. Akaona beseni la mtama uliolowa. Akachuma ganda la nyonyo, akalibana kwa vidole mbele ya macho yangu. "Chai, eh?" akasema. "Leo utakunywa chai yako."

Nyapara alinitetea, nitasema ukweli wake. Alisema, "Effendi, huyu ni mpumbavu tu wa bustani." Hadi leo sijui kama nimshukuru.

Bwana Shamba alikuwa Kivukoni akipokea mizigo. Alirudi pamoja na Bwana Luteni, kijana mwekundu mwenye jasho, aliyekuja na askari wengine. Shaushi akaeleza yote kwa ufasaha, akionyesha pipa, beseni na ganda. Bwana Luteni akautazama mti mkubwa mbele ya baraza, akatazama kamba.

Bwana Shamba akasema, "Huyu ni mwita maji wangu. Neno ile ni ya kazi. Kila siku anaita."

Bwana Luteni akafikiri. Kisha akasema, na Shaushi akatufasiria, "Basi aite sasa. Wakija na maji, ni kazi. Wakija na mikuki, au wasipokuja, mti ule pale."

Fikirini wenyewe. Watu wote walikuwa wamekimbia. Nani atatoka kwenye matete aje mbele ya bunduki zilizomwelekea muda mfupi tu uliopita, kwa ajili ya mwita maji? Wakanisimamisha kando ya majivu ya kitalu.

Nikaita. Sauti ile iliyokatisha mbuzi kamba ilitoka kama ya mgonjwa wa kifua. Askari mmoja akacheka. Nikavuta pumzi, nikaita tena, na safari hii ilifika Katindiuka, nina hakika, kwa sababu ndege waliruka kule ng'ambo. Hakuna aliyetoka. Matete yalitikisika kwa upepo, yakatulia. Nilisikia harufu ya kabichi iliyoungua. Bwana Shamba alikuwa akitazama viatu vyake. Nikaona Shaushi anaanza kukunjua kamba ya pili.

Ndipo akatoka mtu na debe kichwani.

Hakuwa mchukuzi wetu. Nilimjua kwa jinsi alivyobeba, maana hakuweka jani juu ya maji. Sisi wa bustani huweka jani pana juu ya debe ili maji yasiruke, na huyu yalikuwa yakimmwagikia usoni, machoni, kifuani. Alikuwa Likanga. Aliyekuwa akinicheka kwa kuogesha majani ya Mzungu alikuja akipita mbele ya midomo ya bunduki, polepole. Shingoni hapakuwa na kitu.

Akasimama mbele yangu. "Mwita maji," akasema kwa sauti ya mtu aliyechoka na kazi ya kila siku, "niyamimine wapi?"

"Kitalu cha kabichi," nikasema.

Akainamisha debe juu ya majivu. Maji yalitoka, na mwisho wa maji, kutoka ndani kabisa ya debe, kikadondoka kipande cha bua la mtama chenye ugwe wake. Niliweka mguu juu yake. Mikono yangu ilikuwa imefungwa, lakini mguu ulikuwa wangu. Nikasimama pale kama nguzo.

Matete yakatikisika tena. Akatoka mchukuzi mmoja, na mwingine, na mwingine, kila mmoja na debe, kila mmoja na jani juu ya maji. Bwana Luteni akapunga mkono. Kamba ikakatwa. Sikusogea hadi askari wa mwisho alipoondoka, watu wakadhani miguu imekufa kwa hofu. Walikosea nusu.

"Sauti yako mbaya, shemeji," Likanga aliniambia tulipobaki wawili. "Imenitoa kwa aibu."

"Hili bua nalichoma."

"Lete." Akalichukua, akalifuta udongo, akalifunga tena.

Nilimsihi. Nilimwambia risasi haigeuki maji, mimi nashughulika na maji tangu nimeshika debe na sijaona yakiwa kitu kingine chochote. Akasema, "Wewe uliita, mimi nikaja. Na mimi naitwa." Siku chache baadaye alipanda na wenzake kwenda kwenye boma la Mahenge. Hakurudi. Hatukupata mwili.

Baada ya vita ikaja njaa. Bwana Shamba alikwenda zake na sanduku lake la kioo tupu. Nilichota mbegu za mchicha zilizosalia bustanini, nikaatika nyuma ya nyumba ya mjane wa Likanga, na watoto wake wakala. Kisha mapadri walinichukua. Padri Mkubwa aliuliza, "Unajua kazi gani?" Nikamjibu, "Najua kila kitu isipokuwa kunyamaza." Akanipa bustani nzima. Nikawa nyapara, nikawa na watu chini yangu, nikapanda maua ya altare na kabichi za meza. Lakini nilitundika kipande cha chuma mtini. Miche ikilala, niligonga chuma. Mdomo haukutumika tena.

Wajerumani walipokuwa wakiondoka nami niliweka debe chini. Sijazeeka, nywele nyeupe ni chache, na bado nawashinda ninyi kupandikiza. Kazi hii nawaachia. Atikeni kwa udongo laini, hamisheni jioni, wekeni jani juu ya debe.

Mlangoni kwangu kuna chungu kikubwa kilichopasuka ukingo, na ndani yake yungiyungi la kutoka Kivukoni. Linafunga jioni, linafungua asubuhi. Watoto wa Likanga, ambao sasa ni watu wazima, hunikuta nikitoka mtoni na debe kichwani, wananiambia, "Shikamoo mjomba, si ungetuita?"

Nawaitikia marahaba. Kisha nalijaza chungu mwenyewe, kimya kimya, hadi ukingoni.