Toa Mkono, Ndipo Usikie

Siku ya kwanza niliyoingia kazini, katika maternite ndogo ya Kirolirwe, ambako akina mama huenda kujifungua, nilivaa bluzi nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikakauka kama ubao. Nilijiona mganga mkubwa. Sista aliyeongoza maternite hakuitazama hata kidogo. Alinipa pembe, yaani kile kifaa cha mbao chenye mdomo mpana: unauweka juu ya tumbo la mama mjamzito, sikio lako unaliweka upande wa pili, nawe unasikiliza moyo wa mtoto. Niliishika barabara, nikainama, nikatangaza kwamba moyo unapiga vizuri sana.

"Hiyo iko moyo yako," Sista akaniambia. "Ukishika pembe, unasikia damu ya vidole yako. Iache isimame kati ya sikio na tumbo. Toa mukono, njo utasikia mwenye iko mule ndani."

Mama aliyelala pale alicheka mpaka pembe ikaanguka chini.

Sista alinifunza mengine mengi: kupasha viganja joto kabla ya kumgusa mtu, kupapasa tumbo ili kujua mgongo wa mtoto uko wapi, kwa kuwa moyo husikika vizuri zaidi upande wa mgongo. Lakini niligundua kwamba hata kusali alisali vilevile. Alisema maneno machache, kisha akanyamaza kwa muda mrefu. Nilipomuuliza anafanya nini, alijibu kwamba anatoa mkono. Nami nikaanza kusali hivyo. Sauti kutoka mbinguni sijawahi kuisikia, nisiwadanganye. Ninachopewa ni mtu mlangoni, mara nyingi nisiyemjua, na uzito fulani moyoni unaonikataza kumpita.

Baadaye nilihamishiwa Kalembe, pale Masisi inapopakana na Walikale. Mkuu wa kituo alikuwa mwanaume mwema, mchapakazi, ila mwenye haraka kupita kiasi. Chai yake aliinywa amesimama.

Siku moja barabara ilikuwa na maneno, kama kawaida yetu, watu wa bunduki walikuwa karibu, na amri ikaja tuondoke na dawa zote kuelekea Kirolirwe. Gari lilikwisha kupakiwa, injini inanguruma. Kwenye benchi la kituo alikuwa ameketi mama mzee wa upande wa msitu, ana bangili za kamba za miti mkononi, matope mpaka magotini. Mkuu alimuuliza anataka nini. Akajibu, "Nilipita tu kusalimia." Mkuu akamwambia arudi tukifungua tena, akapanda gari.

Mimi nilikwisha kuweka mguu mmoja ndani. Lakini kwetu, mtu aliyetoka mbali hamwambii shida yake mtu aliyesimama. Umpe kwanza nafasi, umpe maji, muulizane habari za shamba, ndipo neno litoke lenyewe. Na yale matope hayakuwa matope ya kusalimia. Ule uzito ukanijia. Niliogopa, nasema wazi. Watoto wangu walikuwa Kirolirwe, na kama barabara ingefungwa nyuma ya gari lile, sikujua ningewaona lini.

Nilishuka. Mkuu alikasirika.

"Mama Sifa, gari haitakungojea."

"Najua, Papa. Muende na Mungu."

Nikaketi karibu na yule mama, nikaweka mfuko wangu chini, nikampa maji. Nikauliza habari za mihogo. Nikauliza habari za mvua. Kisha nikafunga mdomo, na wanaonijua wanaelewa kwamba huo peke yake ni muujiza. Gari likaondoka. Nililisikia mpaka likazunguka kilima.

"Muke ya mutoto wangu alizaa asubuhi," akasema hatimaye. "Lakini tumbo ingali kubwa. Wanataka kuvuta."

Nilisimama pale pale. Wanawake wa kwao walidhani kondo la nyuma, ile nyama inayomfuata mtoto, limekataa kutoka. Na kulivuta kwa nguvu humwaga damu ya mama mpaka iishe.

Tulishuka kwa kukimbia katikati ya mashamba. Nyumbani tulikuta wanawake wengi, wengine wakisali kwa Yesu, wengine wameshika majani ya desturi, na mmoja ameuzungusha ule uzi wa kitovu mkononi mwake. Wote wakisema pamoja. Niliwaomba wanyamaze. Nikasimamisha pembe, nikaweka sikio, nikatoa mkono.

Moyo. Mdogo, wa mbio mbio, upande wa kushoto.

"Mutoto mwingine iko mule," nikasema. "Mama, acha huo uzi polepole."

Mtoto alikuwa amelala kwa kukingama, hivyo nikamgeuza kwa viganja juu ya tumbo, polepole, kila uchungu ulipopumzika, mpaka kichwa kikaelekea njia. Alizaliwa jua likiwa bado juu. Msichana. Alikaa kimya kidogo, akatutisha, kisha akalia. Kondo likafuata lenyewe, na mama yake akaomba uji. Wakamwita mtoto Sikujua. Mimi nililia kuliko mtoto.

Nilimuuliza yule bibi kwa nini hakumwambia mkuu.

"Alikuwa amesimama," akajibu. "Na kule kwingine nilipita kwanza, batu waliniuliza nataka nini, hata kiti hawakunipa. Wewe njo uliikala chini."

Kesho yake mwanawe alinisindikiza barabarani. Nyuma ya vilima viwili tulikuta gari letu limezama kwenye tope, na mkuu wa kituo amevua viatu, anasukuma. Alinitazama, nikamwambia mapacha, wote wazima. Alisogea tu, akanionyesha mahali pa kusukumia. Watoto wangu niliwakumbatia jioni ileile, nikiwa na matope kama yale ya bibi.

Sasa nimestaafu. Sikio langu la kazi limechoka, wajukuu wananipigia kelele. Ninyi vijana mna mashine zinazoonyesha mtoto kwenye kioo, nami nafurahi kwa ajili yenu. Lakini mashine haimwoni aliye kwenye benchi.

Juzi baba mmoja nisiyemjua alisimama kwenye ua wangu, akasema amepita tu kusalimia. Niliacha maharagwe niliyokuwa nachambua, nikamtolea kiti, nikampa maji, nikanyamaza. Tulikaa. Akaniambia mvua ilikuwa nzuri kwao. Akamaliza maji, akashukuru, akaenda zake.

Kweli alikuwa amekuja kusalimia. Na mimi nikamshukuru Mungu kwamba kwao hakuna mtu anayelia.