Do Iko Wapi

Walimwita Sikio, na jina likamkaa hata mkewe akasahau lile la kwanza. Miaka ishirini na tisa alishona suruali mchana, jioni akapiga kinanda cha kwaya. Mwimbaji akianza wimbo bila kuuliza, kama kawaida yao waimbaji, Sikio hakugusa kitu. Aliinamisha kichwa tu, akinung'unika chini chini, akitafuta do, ile sauti ambayo wimbo ukiifikia unavua viatu kama umefika nyumbani. Kabla ya mstari wa tatu vidole vilishatua. Hakukosea.

"Usitazame unapoanzia," alimfundisha bintiye wa pekee tangu akiwa na meno ya utoto. "Wimbo huanzia popote. Tazama unapolala."

Binti huyo ndiye sasa mwalimu wa kwaya.

Mwaka jana kinanda kikaanza kumfanyia visa. Kila alipoingia, alijikuta juu ya waimbaji kwa nusu sauti, kitufe kimoja tu. Akaapa kuwa kinanda kimepanda. Fundi akaitwa, akakifungua, akapuliza vumbi, akakifunga.

"Kizima hiki, mzee wangu. Tafuteni mgonjwa mwingine."

Besi walicheka mpaka benchi likalia. Sikio naye alicheka, kidogo, asije akaonekana amenuna.

Juzi tena. Soprano akaanza, Sikio akainama, akatua, wimbo ukavunjika.

"Baba," binti alisema, simu mkononi. Siku hizi simu husikiliza muziki ikakutajia do yake kwa herufi. "Do ni F. Umeshika kitufe cheusi cha juu yake."

"Simu imesomea wapi muziki?"

"Haijasoma. Ila haizeeki."

Safari hii hata besi hawakucheka, na hilo ndilo lililomchoma. Binti akanyoosha kiganja, macho kwenye karatasi za nyimbo.

"Naomba ufunguo, baba."

"Wa wimbo? Si umeshasema mwenyewe, F."

"Wa kabati la kinanda."

Aliuvua shingoni na kamba yake, nyeusi kwa jasho. Hakuna aliyemwambia akae, naye hakuaga. Nje, akaketi kwenye ngazi.

Ndani wakaanza wimbo mwingine. Kichwa kikainama chenyewe. Aliungoja mpaka ukalala, na sikio likamwambia: kile kitufe cheusi baada ya G. Akalipunguza nusu, kama apunguzavyo kiuno cha suruali ya mteja anayejidai mnene. Ikabaki G.

"Haya, simu inasema do ni G," binti aliwaambia wenzake. "Tuanze upya."

"Najua," Sikio aliiambia ngazi.

Kilichopanda ni sikio, si kinanda, na ni nusu tu. Nguo za watu alizipunguza kila siku bila kuona haya. Sikio lake mwenyewe, mwaka mzima, alikataa kulipima.