Merikebu za Makala

Makala, yaani makaa ya kupikia, yaliyolowa mvua yana harufu yake, na leo imenirudisha utotoni, vita ilipofika Kindu tukakatazwa kutoka nje. Dada yangu alichora ukutani, kwa makala, merikebu za vita za kwenda kwenye nyota. Za daraja la ndakala zilikuwa ndogo na za mbio kama samaki hao. Za daraja la mamba zilijaa mizinga. Ya mwisho, ya daraja la kiboko, ilifika mpaka darini, nami nikaitazama hadi shingo ikaniuma.

“Mizinga yake iko wapi?” nikamuuliza.

“Haina. Hii njo ya kubeba watu. Mama, majirani, mbuzi, wote wataingia.”

Akanichorea dirisha langu. Lake hakulichora, alisema yeye ataendesha.

Kila sikukuu ninapaka nyumba hii chokaa. Ukuta ule wenye merikebu ninauruka, siupaki.