Mrina Asali wa Itigi Aliyetibiwa Moyo Bila Kovu

Saa moja asubuhi, vichakani nje kidogo ya Itigi, Obadia Mughwai anapaka nta ndani ya mzinga wa gogo. Anatumia mkono wa kulia. Mwaka jana mkono huo ulimgomea akiwa juu ya mti.

Obadia, mwenye miaka 36, anarina asali tangu akiwa na miaka 17. Kazi hiyo inataka watu wawili: mmoja anapanda, mwenzake anabaki chini akishika kamba iliyopitishwa kwenye tawi na kufungwa kiunoni mwa mpandaji. Kwa miaka kumi na miwili kamba ya Obadia imeshikwa na shemeji yake, Andrea.

Siku ile ya mwaka jana nyuki walikuwa wamemuuma mara nne mkononi. Mkono ulipokufa ganzi, hakuna aliyeshtuka.

"Ganzi ya nyuki tunaijua," anasema Obadia. "Nikamwambia shemeji, nishushe. Naongea kama mlevi, na pombe sijaonja."

Andrea alimshusha, akamng'oa miiba, akamlaza kivulini. Ndiyo kawaida ya warina asali: aliyeumwa hulala mpaka sumu ishuke. Jioni wakarudi nyumbani, bado wakiingoja sumu ishuke, hadi kesho yake Damari, mke wa Obadia na dada yake Andrea, alipoona mdomo wa mumewe umepinda. Hakuomba ushauri wa mtu. Alikodi bodaboda, akampeleka hospitali.

Kilikuwa kiharusi. Presha haikuwa na neno, sukari vilevile. Obadia akapewa rufaa hadi Dar es Salaam, ambako madaktari walimdunga maji yenye vipovu mshipani na kuviona kwenye skrini vikivuka kutoka upande mmoja wa moyo kwenda wa pili.

Palikuwa na tundu kwenye ukuta wa katikati ya moyo. Kila mtoto huwa nalo tumboni mwa mama, na kwa wengi huziba baada ya kuzaliwa. Kwa takriban mtu mmoja kati ya wanne hubaki wazi, na wengi wao huzeeka bila kujua. Kwa Obadia, madaktari waliona kwamba damu iliyoganda ilipenya hapo ikaenda ubongoni.

Walipitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, wakaziba tundu kwa kifaa kidogo mfano wa vifungo viwili vilivyoshonwa pamoja. Kifua hakikuguswa.

Hapo ndipo ilipoanza kazi nyingine. Majirani waliokuja kutoa pole walitaka kuona mshono. Obadia akafungua shati, kifua kisafi.

"Alama iko huku juu ya paja," anasema akicheka. "Sasa wazee nimewaamkia shikamoo, halafu nivue suruali?"

Basi yakazagaa maneno kwamba hakutibiwa. Daktari alimruhusu kupanda tangu mwezi uliopita, lakini Andrea amekataa kushika kamba. Bila kamba Obadia hapandi, na mrina asali asiyepanda amebaki na jina tu.

Leo Andrea amekuja, mikono mfukoni. Watu wanadhani naye anatafuta kovu. Sivyo.

"Mimi ndiye niliyesema ni nyuki," anasema taratibu. "Nikamlaza pale siku nzima. Nikikosea tena, dada yangu nitamwambia nini?"

Obadia anajifunga kamba kiunoni, ncha ya pili anamwekea mkononi.

"Hata mimi nilisema ni nyuki, shemeji. Tulikosea wote."

Andrea anaizungusha kamba mkononi mara mbili.

"Haya, panda. Lakini uongee muda wote. Ukinyamaza, au ulimi ukianza kuwa mzito, nakushusha, na safari hii ni hospitali moja kwa moja."

Obadia anapanda huku akiongea: mizinga ishirini itundikwe kabla ya mvua, mwakani kumi mingine, halafu jiko la Damari lipate bati. Mipango inapomwishia, anaanza kumtania shemeji yake, kwamba ana miguu ya kuku na hata nyuki wanamwonea huruma.

Andrea hacheki. Anasikiliza kila neno.